Chang'ombe ikigeuka Changâ€™ombe: njia nne za kurekebisha herufi, na ipi ikufae lini

Orodha ya wateja inatoka kwenye mfumo wa mauzo ikiwa safi. Inafunguliwa kwenye kompyuta ya mhasibu, na Chang'ombe imekuwa Changâ€™ombe. Wakala wa forodha anapokea orodha ya mizigo ya Lubumbashi, na kila "Société" imeandikwa "SociÃ©tÃ©". Mwenye duka Kariakoo anafungua bei za kiwanda cha Guangzhou na kukuta ÖÐ¹ú mahali palipoandikwa China kwa Kichina. Matatizo haya matatu yana asili moja: mfumo mmoja umeandika herufi kwa kanuni yake, mwingine umezisoma kwa kanuni tofauti.

Wengi wetu huamini Kiswahili kimesalimika, kwa kuwa hatuna herufi zenye alama juu, kama é ya Kifaransa. Ni kweli kwamba ASCII, kanuni ya herufi iliyoanza mwaka 1963 yenye nafasi 128 tu, inatosha karibu maandishi yetu yote. Kinachotuponza ni alama ya ng'. Ukiandika kwenye Word, programu huigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda (’), na iliyopinda haimo ndani ya ASCII. Kwenye UTF-8, kanuni ya kisasa inayobeba herufi za lugha zote, inachukua baiti tatu (baiti ni kipande kidogo cha data): E2 80 99. Kompyuta inayodhani kwamba faili ni la Windows-1252, kanuni ya zamani ya Windows, huisoma kila baiti kivyake, ikapata â, kisha €, kisha ™. Ndiyo maana wakazi wa Chang'ombe, watu wa Nyang'hwale na kila mwenye jina linaloanza na Ng' ndio hukosewa kwanza, na jina lililokosewa kwenye orodha halilingani tena na lile la kitambulisho.

Njia za kurekebisha zipo nyingi. Hapa nalinganisha nne ambazo ofisi ya kawaida inaweza kuzitumia bila kununua kitu.

Kwanza, faili lako liko katika hali gani?

Usichague njia kabla ya kujibu swali hili, kwa sababu njia sahihi kwa hali moja huharibu nyingine.

Hali ya kwanza: faili limesomwa vibaya tu. Baiti zake ni nzima, na ukilifungua kwa kanuni yake herufi zinarudi. Hii ndiyo hali ya kawaida na ndiyo nyepesi.

Hali ya pili: limesomwa vibaya, kisha mtu akalihifadhi hivyo hivyo. Sasa zile â€™ ni herufi tatu halisi ndani ya faili. Likipita mara nyingine kwenye kosa lile lile, tatu zinakuwa nane: Ã¢â‚¬â„¢. Vivyo hivyo é huwa Ã©, halafu ÃƒÂ©. Uchafu huu unaokua unatisha kwa macho, lakini una habari njema, kwani herufi ya asili bado imo na inaweza kurudishwa hatua kwa hatua.

Hali ya tatu: herufi imepotea. Ukiona "Chang?ombe" yenye alama ya kuuliza ya kawaida, mfumo fulani ulishindwa kuiandika ile ’ ukaweka ? badala yake. Hakuna programu itakayoirudisha kutoka kwenye faili hilo. Ile alama nyeusi ya � inahitaji uangalifu zaidi: ikiwa iko kwenye kioo tu, faili huenda likawa zima, lakini mtu akibofya kuhifadhi, baiti za asili zinafutwa na EF BF BD inakaa mahali pake. Kwa hiyo ukiona �, funga bila kuhifadhi.

Neno lenyewe pia hukuambia faili limetoka wapi. "SociÃ©tÃ©" ni UTF-8 iliyosomwa kama Windows-1252. "Soci‚t‚", yenye kitu kama koma chini, ni faili la programu ya zamani ya DOS yenye kanuni ya CP850. "SociÚtÚ" ni kinyume chake: faili la Windows-1252 lililosomwa kama CP850.

Vigezo ninavyovitumia

Kila njia naipima kwa mambo yale yale. Inahitaji nini, yaani ujuzi na mashine. Inashughulikia hali ipi kati ya zile tatu, na kwa wingi gani. Inakwama wapi, hasa kama ikikosea inapiga kelele au inanyamaza. Mwisho, inamfaa nani. Hicho cha kunyamaza nakipa uzito kuliko vyote, maana kosa lililoonekana hurekebishwa siku ile ile, na lisiloonekana huingia kwenye ripoti na kukaa humo miaka.

Njia ya kwanza: kwa mkono, Notepad++ au Excel

*Inahitaji nini.* Kompyuta ya Windows na mtu anayejua kusoma menyu. Notepad++ ni ya bure. Excel tayari ipo ofisi nyingi.

*Inashughulikia nini.* Hali ya kwanza, kwa faili moja au machache. Kwenye Notepad++ fungua menyu ya Encoding, chagua kanuni ambayo faili liliandikwa kwayo mpaka maneno yasomeke vizuri, kisha ndipo uchague Convert to UTF-8 na kuhifadhi. Mpangilio huo ni wa lazima. Kuchagua kanuni kwenye menyu hubadilisha namna baiti zinavyosomwa, na Convert hubadilisha baiti zenyewe. Ukianza na Convert wakati maneno bado yameharibika kiooni, umelitoa faili hali ya kwanza na kulipeleka ya pili.

Kwenye Excel, usilifungue faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi tupu) kwa kubofya mara mbili. Excel hulichukulia kuwa la kanuni ya Windows ya mashine hiyo, isipokuwa kama mwanzoni mwa faili kuna baiti za utambulisho EF BB BF. Badala yake nenda Data, chagua From Text/CSV, na pale File Origin weka 65001, ambayo ni UTF-8. Ukimaliza, hifadhi kwa aina ya CSV UTF-8.

*Inakwama wapi.* Excel hugusa hata yasiyohusika, na inanyamaza. Namba ya simu 0712 inapoteza sifuri yake. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ikiwa imeandikwa bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri. Umerekebisha jina la mtu na kuharibu utambulisho wake. Dawa ni kuweka safu hizo kuwa Text ndani ya dirisha lile la kuingizia data, kabla ya kukubali. Notepad++ haina tatizo hilo, ila inalemewa na mafaili makubwa.

Kuna kisababishi kingine ambacho ofisi huchelewa kukigundua. Notepad ya kawaida ya Windows ilianza kuhifadhi mafaili mapya kwa UTF-8 kuanzia Windows 10 toleo 1903, la mwaka 2019. Kabla ya hapo ilitumia kanuni ya Windows ya mashine. Wenzako wawili, meza jirani, matoleo tofauti, wanaweza kuandika orodha moja kwa kanuni mbili bila yeyote kubadilisha mpangilio wowote.

*Inamfaa nani.* Mhasibu, katibu au afisa wa mizigo mwenye faili la leo linalotakiwa leo.

Njia ya pili: amri ya iconv

*Inahitaji nini.* Mashine ya Linux au Mac, ambako imo tayari. Kwenye Windows utaipata ukisakinisha Git Bash au WSL, programu zinazoleta amri za Linux ndani ya Windows. Na unahitaji kutoogopa kuandika amri.

*Inashughulikia nini.* Hali ya kwanza, kwa mafaili makubwa na mengi. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.csv > mpya.csv

Baada ya -f ni kanuni ya asili, baada ya -t ni unayoitaka. Haigusi namba, haiondoi sifuri, haipangi safu upya. Orodha ya kanuni inazozijua utaiona kwa iconv -l, na zimo za Kiarabu (WINDOWS-1256) kwa wanaopokea ankara za Dubai, na GB18030 kwa mafaili ya China. Zimo hata za mashine kuu (mainframe) za IBM, kama IBM037, ambako herufi A ni C1 badala ya 41 tuliyoizoea kwenye ASCII. Hapo pana onyo zito: mafaili ya mashine kuu mara nyingi huwa na kiasi cha fedha kilichobanwa kwa mtindo wa tarakimu mbili kwa baiti. Sehemu hizo si herufi. Ukiligeuza faili zima kwa iconv, majina yatasomeka na fedha zitakuwa takataka. Waombe wenye mfumo wakutolee kila kitu kama maandishi kwanza.

*Inakwama wapi.* Ukiiambia kwamba faili ni UTF-8 na siyo, inasimama na kutaja mahali ilipokwama. Hiyo ni sifa kubwa. Lakini ukiiambia ni ISO-8859-1, kanuni nyingine ya zamani inayofanana na Windows-1252, inakubali baiti yoyote ile bila neno. Na hapa ndipo ng' inapoumia tena. Ile ’ kwenye Windows-1252 ni baiti 92. Kwenye ISO-8859-1 baiti hiyo ni alama ya udhibiti isiyoonekana. Matokeo yanasomeka "Changombe", yanaonekana safi, lakini katikati kuna kitu kisichoonekana, na utafutaji wa jina hilo hautalipata. Kwa mafaili yaliyotoka Windows, andika WINDOWS-1252, usiandike ISO-8859-1 kwa mazoea.

Kuna makosa mengine mawili yanayofuta kazi ya watu. Usielekeze matokeo kwenye jina lile lile la faili la asili, kwani litafutwa kabla halijasomwa. Na usitumie -c ili tu onyo liondoke: hiyo huitupa kila herufi isiyogeuzika, kimya kimya.

*Inamfaa nani.* Afisa TEHAMA anayepokea mafaili ya aina moja kila usiku, kutoka chanzo kimoja chenye kanuni inayojulikana.

Njia ya tatu: skripti ya Python

*Inahitaji nini.* Python, lugha ya kuandikia programu, na mtu anayeweza kuandika au walau kusoma mistari ishirini ya programu. Vijana wengi waliosoma kompyuta siku hizi wanaiweza.

*Inashughulikia nini.* Hali ya kwanza na ya pili, na hasa faili lenye mchanganyiko, ambako nusu ya mistari ni mizima na nusu imeharibika kwa sababu iliunganishwa kutoka matawi tofauti. Kwenye faili la namna hiyo njia mbili za kwanza hazisaidii sana, kwa kuwa zinaligeuza faili zima kwa kanuni moja. Kiini cha kurudi nyuma ni hiki:

jina.encode("cp1252").decode("utf-8")

Hii inayarudisha maandishi kwenye baiti yalikotoka, kisha inayasoma upya kwa kanuni sahihi. Uzuri wake ni kwamba inajipima yenyewe. Ukiipa "Société" iliyo nzima, hatua ya pili inagoma, kwa sababu baiti E9 peke yake pale si UTF-8 halali. Basi skripti inajaribu kila kisanduku. Kikigoma, inakiacha kilivyo na kukiandika kwenye orodha ya kukaguliwa na mtu. Kilichoharibika mara mbili kipitishe mara mbili.

Pia humo ndimo unapoweza kuamua alama moja ya ng' kwa data yote. Kwenye orodha ya anwani, Chang'ombe, Chang’ombe na Chang‘ombe ni mitaa mitatu machoni pa kompyuta, na ripoti ya mauzo itazihesabu mbalimbali. Mimi nashikilia iliyonyooka (') kwa kila sehemu ya data, na iliyopinda naiachia vitabu na mabango. Ina nafasi ndani ya ASCII, iko kwenye kila kibodi, na kila mfumo unaisoma.

*Inakwama wapi.* Windows-1252 ina baiti tano zisizo na herufi: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Alama ya kufunga nukuu (”) kwenye UTF-8 inaishia na 9D, kwa hiyo maandishi yenye nukuu huigomea amri ile ya juu. Maktaba ya bure iitwayo ftfy imetengenezwa kwa mambo kama haya na inayamudu mengi, ingawa inakisia, na kilichokisiwa kinataka macho ya mtu. Jambo la pili: kwenye Windows, ukifungua faili bila kutaja encoding, Python imekuwa ikifuata kanuni ya mashine, mara nyingi cp1252. Itaje kila mara, wakati wa kusoma na wa kuandika. Ikiwa atakayepokea anatumia Excel, andika kwa utf-8-sig, ambayo huweka zile baiti za utambulisho mwanzoni.

*Inamfaa nani.* Ofisi yenye hifadhi ya miaka mingi iliyochanganyika, na mwenye subira ya kukagua mabaki.

Njia ya nne: kurekebisha chanzo

*Inahitaji nini.* Ruhusa. Kitaalamu si kazi ngumu sana. Ugumu ni kwamba unagusa mfumo unaofanya kazi, na labda mfumo wa mshirika wako. Unahitaji nakala ya akiba, muda wa usiku au wikiendi, na makubaliano ya maandishi.

*Inashughulikia nini.* Mafaili yajayo, siyo yaliyopita. Mnakubaliana kwamba kila kinachotoka na kuingia ni UTF-8. Kanuni hiyo, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, iliiacha ASCII ilivyo, kwa hiyo maandishi ya kawaida ya Kiswahili yaliyokwisha kuhifadhiwa ni UTF-8 halali bila kuguswa. Kwenye hifadhidata ya MySQL chagua utf8mb4, ambayo ni UTF-8 kamili. Ile iliyoitwa utf8 tu huishia baiti tatu kwa herufi, na emoji za wateja zinahitaji nne. Kutegemea mpangilio, mfumo unagoma kupokea ujumbe au unaukata pale emoji ilipo. Toleo la 8.0 ndilo lililoifanya utf8mb4 kuwa chaguo la kuanzia. Kumbuka na muunganisho kati ya programu na hifadhidata: jedwali likiwa UTF-8 na muunganisho ukabaki latin1, kanuni yake ya zamani, uharibifu unaendelea kuzaliwa kila siku.

Kuna faida ya fedha pia kwa wanaotuma meseji kwa wateja. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160 kwa kanuni ya GSM. Alama iliyonyooka imo ndani yake. Iliyopinda haimo, na ikiingia moja tu, meseji nzima inahamia kanuni nyingine yenye nafasi 70. Tangazo la herufi 150 lililokuwa meseji moja linakuwa tatu, kwa kila mteja.

*Inakwama wapi.* Ukiagiza MySQL igeuze jedwali la latin1 kuwa utf8mb4 wakati ndani yake tayari kuna baiti za UTF-8, itazigeuza tena, na data yote inaingia hali ya pili kwa amri moja. Jedwali la namna hiyo hupitishwa kwanza kwenye aina ya baiti tupu, kama VARBINARY au BLOB, ndipo litajwe kuwa utf8mb4. Jaribu kwenye nakala. Pia wapo watengenezaji wa mifumo ambao "hutatua" ng' kwa kukataza alama hiyo kabisa, kwa sababu iliwahi kuvuruga maswali yao ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Usikubali. Swali la SQL lililoandikwa ipasavyo, lenye thamani zilizotenganishwa na amri, haliogopi alama hiyo, na mtu ana haki ya jina lake kamili.

*Inamfaa nani.* Kampuni inayomiliki mfumo wake, au yenye mkataba na mtengenezaji anayesikiliza.

Na zile tovuti za kugeuza mafaili?

Kwa maandishi ya wazi, kama bei za bidhaa, zinafanya kazi. Kwa orodha yenye majina, simu na vitambulisho vya watu, usizipeleke huko. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, wateja hawakukupa taarifa zao uzipandishe kwenye seva usiyoijua.

Kulingana na hali yako

Una faili moja, limeharibika kiooni, na bosi analisubiri: Notepad++. Likiwa na namba za vitambulisho au simu, liepushe na Excel mpaka safu hizo ziwe Text.

Unapokea mafaili kila siku kutoka mfumo mmoja wa zamani usioweza kubadilishwa: iconv, ndani ya skripti fupi inayosimama ikikutana na kosa. Tafuta neno moja lenye ng' au é unalojua limo, ulikague kila mara baada ya kugeuza.

Umerithi hifadhi ya miaka, yenye Ã© huku na ÃƒÂ© kule: Python, kwa nakala, ukiwa na orodha ya mabaki ya kukagua kwa macho. Usianze kabla ya kufunga chanzo, la sivyo utasafisha huku uchafu mpya ukiingia.

Unatengeneza mfumo mpya, au unausaini mkataba wake sasa: njia ya nne, na ombi la UTF-8 liandikwe ndani ya mkataba pamoja na majaribio yenye Chang'ombe, Kalémie na jina moja la Kichina.

Faili lote limejaa alama za kuuliza tu: mpigie aliyekutumia, mwombe alitoe upya kwa UTF-8, na mwambie aliambatishe kama faili, asinakili maandishi na kuyabandika ndani ya barua pepe.